Kwa nini hawaondoki porini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya ya taharuki. Wawindaji watano wanaingia msituni kwa siku saba, na siku ya pili wanagundua kuna mtu anayewawinda wao. Nimefika sura ya tisa. Watu watatu niliowapa mswada wasome wameniambia jambo lilelile: hawaogopi, na kila mara wanajiuliza kwa nini hawa watu hawaondoki tu, au hawapigi simu. Nikaongeza damu, haikusaidia. Mwanzoni nimeweka methali "mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu". Nimeambatisha sura tatu za kwanza. Nikosoe bila huruma.

JIBU: Marahaba. Umesema bila huruma, basi tuanze na hiyo damu. Sura ya pili umeua mmoja, sura ya tatu umeua wa pili, na vifo vyote viwili nimevisoma huku nikinywa chai bila kumwaga tone. Anayeua tu hatishi. Ni kama mti ulioanguka: bahati mbaya, pole kwa wafiwa, tuendelee. Anayetisha ni yule anayejua. Anajua kesho mtapita wapi, mtateka maji kijito gani, na nani kati yenu hugeuka kutazama nyuma na nani hageuki.

Wawindaji wako wana kitu ambacho mtu mwingine yeyote aliyepotea msituni hana. Wanajua kuwinda. Wanajua mnyama aliyeshtuliwa hufanya makosa gani, kwa sababu wamekula nyama ya makosa hayo miaka yote. Anakimbilia mteremko. Anarudi kwenye maji. Anasimama baada ya mbio za kwanza ili atazame kama bado anafuatwa, na hapo ndipo anapopigwa. Sasa wanayafanya wao makosa hayo, na wanajua kabisa kwamba wanayafanya. Riwaya yako yote iko hapo. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya mwindaji Actaeon, aliyegeuzwa ayala na mungu Artemis kisha akararuliwa na mbwa wake. Meno ya mbwa si kitu. Kinachoniuma mimi kila nikiikumbuka ni kwamba mbwa wale alikuwa nao kila siku na aliwajua mmoja mmoja kwa majina, na alipotaka kuwaita hakuwa tena na sauti ya mtu.

Tuje kwa wasomaji wako, maana wamekuuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Watu wa kweli huondoka. Mwaka 1898, simba wawili wasio na manyoya shingoni walipokuwa wakichukua vibarua usiku katika kambi za ujenzi wa daraja la reli huko Tsavo, mamia ya wafanyakazi walilala juu ya reli kulizuia treni lililokuwa linapita, wakaliparamia na kwenda zao. Kazi ikasimama wiki tatu. Mhandisi John Henry Patterson, aliyewaua simba wale Desemba mwaka huo, baadaye alikuja kutaja watu 135 walioliwa. Utafiti wa mifupa na nywele za simba haohao, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kama 35. Angalia hiyo tofauti, kisha angalia lile treni. Reli nzima ilisimamishwa na vifo vichache kuliko ilivyovumishwa, kwa sababu kila usiku vibarua walisikia boma la miiba likipenywa na hawakujua ni hema la nani. Idadi ya maiti haikuwa na kazi kubwa pale. Hata kwako haitakuwa nayo.

Kwa hiyo waache waondoke. Waache wajaribu, mapema, sura ya tatu au ya nne. Tatizo lako ni kwamba umewafungia mlango wewe mwenyewe: gari limekufa, simu haina mtandao. Nani kalifisha gari? Mwandishi. Nani kaondoa mtandao? Mwandishi. Msomaji anauona mkono wako ukizungusha ufunguo, na tangu hapo hamwogopi adui, anakukasirikia wewe. Mlango uache wazi kabisa. Weka bei yake.

Simu, kwa mfano. Wape simu ya setilaiti, ina chaji, inafanya kazi. Ila simu ya namna hiyo lazima ione anga. Chini ya miti iliyofungamana, au ndani ya korongo, itatafuta na kutafuta. Mahali pa uhakika ni mgongo wa kilima ulio wazi, na ukisimama pale dakika chache za kupata mawasiliano, unaonekana toka pande zote. Wawindaji wako wanalijua hilo vizuri mno. Jana yake walikaa chini ya mgongo huohuo tangu alfajiri, bunduki zimelazwa juu ya magunia, wakisubiri mnyama ajitokeze kwenye mstari wa anga. Walimpata. Sasa simu iko katikati yao, juu ya jiwe, na hakuna anayeinyooshea mkono. Hapo msomaji hakuulizi tena kwa nini hawapigi.

Halafu majeruhi. Yule uliyemuua sura ya pili mfufue, umtegue kifundo cha mguu. Najua inasikika kama nimekupunguzia makali, lakini fanya hesabu. Kumbeba mtu kwa machela kwenye njia mbaya, waokoaji hutumia watu kama sita kwa wakati mmoja, na wengine nyuma yao wa kupokezana, kwa sababu mikono hukata tamaa baada ya mita mia kadhaa. Wako watano. Mmoja yuko juu ya machela. Waliobaki ni wanne, wanabeba kwa mikono yote miwili. Bunduki kashika nani? Nani anatazama nyuma? Maiti unaifukia, unalia, unaondoka. Majeruhi anaomba maji, anaomba radhi, anapiga kelele mkijikwaa. Na usiku wa pili kuna mtu lazima aseme kwa sauti ndogo kile ambacho wote wamekiwaza tangu mchana. Asiseme yule mkorofi. Aseme ndugu yake.

Sasa nyayo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu umezipa sentensi moja tu: "waliona nyayo za mtu". Mwaka fulani nilitembea siku nne nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa hodari wa kufuata nyayo, na nilichojifunza kikubwa ni kwamba mzee hakuwa akitazama chini alipokanyaga. Alitazama mbele hatua tano, sita, na kila mara alijipanga ili unyayo uwe kati yake na jua. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, kila ukingo wa unyayo hutupa kivuli. Unausoma kama herufi. Saa sita mchana kivuli hakipo, na njia ileile uliyoisoma asubuhi inakuwa vumbi tupu. Mzee alikaa chini ya mti saa sita mpaka saa tisa, akavuta tumbaku yake, wala hakuona aibu.

Hiyo ni saa ya ukutani umepewa bure. Msomaji akishajua kwamba adhuhuri pande zote mbili ni vipofu, basi adhuhuri ndiyo nafasi yao ya kusogea, na jioni jua likianza kulala, hofu inarudi bila wewe kuandika neno "hofu". Kwa sasa mashambulizi yako yote ni ya usiku. Usiku kila mtu anaogopa, hata mwenye nyumba ya zege. Mfanye msomaji aogope saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa mzuri kama wa picha ya harusi.

Mzee yule alinionyesha na jambo jingine, la umri wa unyayo. Alipiga goti akanionyesha kijinjia chembamba kama uzi, cha mdudu, kilichokatiza katikati ya kisigino. Wadudu wale hutembea usiku. Kijinjia kikiwa juu ya unyayo, aliyekanyaga alipita kabla ya usiku. Unyayo ukiwa umekikata, amepita leo. Vivyo hivyo vitone vya mvua, umande, jani lililokanyagwa ambalo bado linanyanyuka. Mwindaji wako mkubwa anayajua haya yote. Acha ayasome kimya, wenzake wamwone uso tu.

Na hapo ndipo pa kuweka kosa. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio yao ya kuwatembeza watu katika msitu mkubwa na katika jangwa la Sahara, wakiwaambia waende moja kwa moja. Jua lilipoonekana waliweza. Mawingu yalipofunika, waliokuwa msituni walizunguka, wengine wakakatiza njia yao wenyewe bila kujua, huku wakiamini wamenyooka. Basi wafunikie wingu siku ya pili, kabla mguu wa yeyote haujateguka. Ningeiandika takriban hivi, nawe uivunjevunje upendavyo:

*Waliziona saa kumi, kwenye tope la kijito, zikielekea kulekule walikokuwa wakielekea. Mkubwa alichuchumaa. Akaweka buti lake kando ya unyayo mmoja, akalinyanyua. Zilifanana, mpaka ule ufa wa soli. "Ni zetu," akasema. Mdogo akacheka hadi akakohoa: walikuwa wamezunguka, basi, asubuhi nzima kumbe walikuwa wakijikimbia wenyewe. Mkubwa hakucheka. Alikuwa anahesabu. Mahali walipoinama kunywa palikuwa na alama tano za magoti, na ya sita juu yake, bado maji yanajijaza ndani.*

Unaona sijamwonyesha adui. Sina haja naye. Kicheko cha yule mdogo kimefanya kazi ambayo maiti wako wawili hawakuifanya, kwa kuwa msomaji amecheka naye, na ameshikwa akiwa bado anacheka. Zingatia pia maji: alama ya goti bado inajaa. Amepita dakika chache tu zilizopita. Sikulisema, na wewe usilifafanue.

Adui mwenyewe, sasa. Umemfanya kichaa. Kichaa ni njia rahisi, inakuokoa na kazi ya kumpa sababu. Mimi ningependa awe na risasi ya zamani mwilini mwake, kwa maana halisi au ya mfano. Chui milia jike wa Champawat, ambaye mwindaji Jim Corbett alimuua India mwaka 1907 baada ya kuhesabiwa kuwa ameua watu 436 huko na Nepal, alikutwa meno ya chonge ya upande wa kulia yamevunjika, la juu nusu, la chini hadi mfupani. Corbett aliandika kwamba ilikuwa kazi ya risasi, na kwamba ndiyo iliyomzuia kukamata windo lake la kawaida. Kuna mtu, miaka mingi nyuma, alipiga risasi, akakosa kuua, akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Huyo mtu hatumjui. Waliolipa ni wengine.

Desemba 1997 kulitokea kisa kingine katika misitu ya Primorye, mashariki ya mbali ya Urusi. Jangili alimjeruhi chui milia, na mnyama hakukimbia. Alikwenda kwenye kibanda cha yule mtu, akaharibu vitu vyenye harufu yake, akalala kwenye theluji akimsubiri arudi. Kikosi cha askari wa wanyamapori kilichofika baadaye kilisoma mambo hayo kwenye theluji, ikiwemo alama ya mahali mnyama alipolala. Niliposoma habari ile, kilichonishika hakikuwa mauaji. Ni ule mlalo: theluji iliyoyeyuka kwa joto la mwili wa mtu, nilitaka kuandika, na tazama, nimeshamwita mtu. Uvumilivu humfanya mnyama afanane na sisi. Mpe adui wako uvumilivu huo, na mmoja wa wawindaji wako mpe siri: risasi aliyoipiga msimu mmoja kichakani, akasikia kilio kisichokuwa cha mnyama, asiende kutazama. Wenzake wanne hawajui. Msomaji ajue mapema, sura ya pili, ili kila mara wakiulizana "kwa nini sisi?" amtazame yule mmoja anayenyamaza.

Kuhusu baridi nitasema haraka. Umeweka mvua siku ya tatu na watu wako wamelowa kwa saa kumi na mbili bila madhara yoyote zaidi ya kutetemeka. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 vidole ndivyo vinavyoanza kugoma: vifungo havifungiki, risasi inaanguka wakati wa kujaza. Kisha maneno yanaburuzika, kisha akili. Wengine, wakikaribia mwisho, huhisi joto la uongo na kuvua nguo. Tumia hilo, ila litumie kama unyayo mwingine wa kusomwa vibaya: wanaikuta koti njiani, mbele shati, mbele buti mbili, na wote wanaamini adui amemvua nguo mwenzao ili kuwadhihaki. Wanaanza kufyatua risasi vichakani. Ukweli msomaji aupate sura mbili baadaye, au asiupate kabisa.

Na wakianza kufyatua vichakani, mtu wao mmoja apigwe na mwenzake. Hili nalitaka sana. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwindaji ni kwamba hupigi sauti, hupigi jani linalotikisika, unapiga kile ulichokitambua kwa macho yako. Siku kanuni hiyo inapovunjwa na yule aliyewafundisha wenzake, adui hahitaji tena kufanya kitu. Akae tu.

Methali iondoe mwanzoni, inamwambia msomaji kila kitu kabla hajakaa vizuri. Ni methali nzuri, hivyo usiitupe. Mdogo wao aiseme siku ya kwanza kwa mzaha, akiburuta nguruwe mwitu kwa miguu ya nyuma, jasho linamtoka, wenzake wamwambie anyamaze avute. Asiikumbushe mtu yeyote tena.

Limebaki la bunduki, na hapa wapo wasomaji ambao watakufunga kitabu usoni. Umeandika: "walisikia mlio, wakainama, risasi ikapita juu ya vichwa vyao." Haiwezekani. Risasi ya bunduki ya kuwindia hutoka kwa mwendo wa mita 800 au 900 kwa sekunde, sauti hutembea kama mita 340. Risasi hutangulia. Kwanza unasikia mpasuko mkali juu ya kichwa, kama kiboko, nao haukuambii chochote kuhusu alipo mpigaji. Mlio wenyewe wa bunduki unakuja baadaye, mzito, toka mbali. Kwa mita 600 pengo lake linakaribia sekunde moja. Mtu anaanguka katikati ya sentensi, wenzake wanamtazama, ndipo bonde linanguruma. Mkubwa wao, mzoefu, hatalia kwanza. Midomo itamchezacheza, kwa kuwa anapima lile pengo. Kisha atasema umbali, na wataelewa wote kwa pamoja kwamba bunduki zao wao, darubini zake zikiwa na ukungu wa mvua, hazina la kufanya kwa umbali ule.

Sura mbili za mwanzo ziandike upya kwa mpango huu, ya tatu unaweza kuikata nusu. Ila kabla hujafanya lolote rudi ukurasa wa hamsini na nne. Bunduki ya bolti, ile ya kukokwa kwa mkono kila risasi, aliyobeba mkubwa wao umesema mwenyewe inachukua risasi tano. Pale mtoni amefyatua saba bila kugusa mfuko. Mmoja wa wasomaji wako watatu bila shaka amewahi kushika bunduki, maana ameweka alama ndogo ya kuuliza pembeni kwa penseli, nawe umenitumia bila kuifuta.